Nilisema Naenda Kutembea

Bariadi, Jumatano, katikati ya Novemba. Mawingu yamekaa upande wa Serengeti tangu alfajiri na mpaka sasa hayajaamua. Upepo unaleta vumbi hadi ndani ya duka hili la intaneti. Mwenye duka alikuwa anafuta vioo vya kompyuta, sasa ameacha. Nje ya mji watu wamekwisha kufunga ng'ombe kwenye plau. Msimu wa pamba umeanza.

Nimerudi. Ninyi mnaosoma hapa, mlio Dar na mlio ng'ambo, mlinitakia safari njema, nami niliahidi kuwaandikia habari za bahari wakati wa baridi. Nitaandika kidogo. Kuna jambo limeizidi safari.

Dada yangu Milembe alifariki nikiwa huko. Akazikwa nikiwa huko. Hakuna aliyeniambia.

Hawakunificha kwa ubaya. Waliamini nimekwenda kutibiwa, na mgonjwa haongezewi mzigo. Sikuwa mgonjwa. Nilikwenda kutembea, na ndivyo nilivyomjibu kila aliyeniuliza. Tangu nirudi watu wananipa pole mbili kwa mara moja, ya msiba na ya maradhi. Ile ya kwanza naipokea. Ya pili sijui niiweke wapi.

Nieleze kwa mpangilio.

Nilipokuwa kijana gazeti lilinipeleka Bulgaria kusomea uandishi wa habari. Kiangazi cha kwanza wanafunzi wa kigeni tulipelekwa kwenye mji mdogo wa Bahari Nyeusi, katika nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo. Kulikuwa na bendi, kulikuwa na matikiti maji, na mchangani watu walijaa kama mnada wa ng'ombe. Nilijiambia kwamba siku moja nitarudi pale kwa hiari yangu, bila kupelekwa na mtu.

Haikuwezekana. Miaka ile hukuamka tu asubuhi ukanunua fedha za kigeni. Uliomba, ukaeleza, ukasubiri, ukakataliwa. Baadaye milango ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaingia kwenye pamba, zikaja redio za watu binafsi, na Mwanza maduka ya kubadilisha fedha yakawa mengi kama maduka ya dawa. Wakati huo nilikuwa na watoto wa kusomesha. Kisha watoto wakamaliza, mke wangu akatangulia, nami nikastaafu. Nikaona kwamba kitu pekee ambacho sikuwa nimekifanya ni kile.

Nilichagua mwisho wa Oktoba kwa sababu moja tu: ni rahisi. Msimu ukiisha, wenye hoteli za pwani hukubali karibu chochote.

Mzee Shigela, jirani yangu hapa Somanda, karani wa zamani wa chama cha ushirika, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Maji unayataka, Lamadi hapo," alisema. "Panda basi asubuhi, kayatazame mpaka uchoke, jioni uko kwako unakula ugali."

Nikamwambia lile ni ziwa, mimi naifuata bahari.

"Na baridi?"

Na baridi, nikasema.

Akaacha kucheka. Akasema, "Haya. Mungu akutangulie." Nilidhani mzaha umemwishia.

Dada hakucheka hata mwanzoni. Yeye aliishi Kasoli, mjane, mkulima wa pamba, na ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Maisha yake yote alinitania kwa kazi yangu. Kila nikifika kwake alikuwa ananikaribisha hivi: "Bwana Habari, leo umesikia nini ambacho sisi hatujui?" Siku niliyokwenda kuaga hakusema hivyo. Aliuliza nitakaa muda gani, akaagiza nifungiwe michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, fungu ambalo lingetosha watu wanne. Akaushika mkono wangu, na hakuuachia upesi.

Niliona. Sikuandika chochote kichwani.

Sasa bahari. Mji ule kwa sasa umefungwa. Hoteli niliyolala ina ghorofa saba, na mgeni nilikuwa peke yangu. Moto wa kupasha vyumba ulikuwa umewashwa kwenye ghorofa moja tu, ya kwangu na ya mama wa mapokezi. Viti vya mgahawa vilikuwa vimepandishwa juu ya meza isipokuwa kimoja. Asubuhi niliteremka, nikakalia kile kimoja, nikaletewa yai, mkate na jibini ya chumvi, na yule mama akarudi kwenye televisheni yake.

Ile nyumba ya mapumziko ya wafanyakazi niliipata. Imeuzwa. Aliyeinunua ameizungushia waya na kuiacha. Mbwa alibweka kutoka ndani mpaka nilipoondoka. Mzee mmoja aliyekuwa analisha paka barabarani aliniambia, kwa Kibulgaria ambacho nusu yake nilikuwa nimekisahau, kwamba kiwanda chenyewe pia kiliuzwa, na mashine zikapimwa kama chuma chakavu. Nikamwambia kwetu kuna kiwanda cha kuchambua pamba ambacho popo wamekihamia. Akatikisa kichwa. Kule kutikisa kichwa ni kukubali, hilo nililikumbuka. Tulisimama pale, wazee wawili na paka, tukiwa tumemaliza mazungumzo.

Mchana nilitembea ufukweni. Mchanga ulikuwa mgumu kwa ubaridi, maji ya rangi ya bati la zamani, na vyuma vya miavuli vimebaki vimesimama bila miavuli. Nilikuwa nikila michembe ya dada kutoka mfukoni. Ukiniuliza kama nilifurahi, nitasema hapana. Ukiniuliza kama nilijuta, napo nitasema hapana. Nilikuwa nimefika. Ilikuwa mahali kama mahali pengine, hapakuwa na mtu, na hakuna aliyehitaji lolote kutoka kwangu.

Nilipiga simu nyumbani mara mbili. Huku Kasoli simu ya mkononi anayo mpwa wangu Minza, binti wa pekee wa dada, na mtandao hupatikana akisimama karibu na barabara.

Mara ya kwanza alimpelekea mama yake simu, au alimleta mama yake barabarani, sijui. Dada aliniuliza kama nakula. Nikasema nakula. Akauliza kama watu wa huko wananiangalia vizuri. Nikasema vizuri sana, jengo zima wananiangalia mimi tu.

"Tulia," akasema. "Usiharakishe kurudi. Kaa mpaka wakuruhusu."

Nikadhani anazungumzia viza.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na niliyajibu kwa kicheko.

Mara ya pili alipokea Minza mwenyewe. Kwa Kisukuma, hata nyumba ikiwa inaungua, salamu hujibiwa kwanza kwa neno la amani. "Mhola, mjomba," alisema. "Mhola tu." Kwa kawaida baada ya hapo ndipo habari zenyewe hufuata, za ng'ombe, za mvua, za nani kamkosea nani. Hazikufuata. Nilimuuliza mama yake yuko wapi. Akasema ametoka, yuko kwenye sala za jumuiya. Nyuma yake nilisikia sauti za watu wengi. Nikauliza kuna nini. Akasema ni mkutano wa wanunuzi wa pamba.

Mwezi Novemba. Pamba yote ilikwisha kuuzwa, masalia yamechomwa, na ya mwaka ujao haijaota. Mnunuzi gani anaita mkutano wakati ule? Nimeandika habari za pamba ya wilaya hii kwa muda mrefu kuliko umri wa Minza. Ningekuwa kazini ningelishika neno lile palepale na nisingeliachia.

Sikuwa kazini. Nilikuwa likizo.

Nilikata simu, nikarudi hotelini, nikala supu. Dada alikuwa amezikwa jana yake. Sauti zile zilikuwa za watu wa matanga.

Nilifika Bariadi Jumamosi kwa basi la kutoka Mwanza. Kituoni nilimkuta Ndaki, mume wa Minza, amesimama pembeni amevaa shati safi. Katika maisha yangu nimeshuka kwenye kituo kile mara zisizo na idadi na hajawahi kuja mtu kunipokea. Alichukua begi langu kabla sijaligusa, akalibeba kwa mikono miwili. Nilipomsalimia alinijibu huku anatazama gurudumu la basi.

Hapo nikajua kuna mtu amekufa. Sikujua nani.

Kwangu uwanja ulikuwa umefagiliwa. Shigela alikuwepo, wazee wawili wa ukoo kutoka Kasoli walikuwepo, na wanawake walikuwa jikoni kwangu ambamo kwa kawaida hamna mtu. Viti vilikuwa vimepangwa ukutani. Desturi hii naijua vizuri. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye viti kama hivyo nikimsubiri mwenzangu. Msafiri hapigwi na habari akiwa amesimama. Anapewa maji aoge, anapewa chakula ale, ashibe, aketi. Halafu ndipo mkubwa wa waliopo anaanza kuzunguka, anasifu mvua, anauliza safari, anafika.

Nilisimama mlangoni nikauliza, "Ni nani?"

Mmoja wa wazee akasema, "Oga kwanza, baba."

Nikaoga. Maji yalikuwa ya moto, walikuwa wameyakadiria kwa muda wa basi. Nikaletewa ugali na kuku. Nikauliza tena. "Kula." Nikala. Kila tonge nililopeleka mdomoni nilikuwa nikimwondoa mtu: mwanangu wa kwanza, mwanangu wa pili, Minza, mjukuu. Minza nilimsikia sauti jikoni, nikamtoa. Sauti ya dada sikuisikia, na kila wanawake wanapopika pamoja, sauti ya dada ndiyo hutangulia. Kabla ugali haujaisha nilikuwa nimekwisha kufahamu. Niliendelea kula kwa sababu walikuwa wananitazama, na kwa sababu ningeacha wangelazimika kusema kabla hawajawa tayari.

Waliposema, nilisema nimesikia.

Ilikuwa homa iliyoshuka kifuani. Alilazwa hospitali hapa mjini, akakaa siku chache, akafariki Alhamisi asubuhi, wiki moja kabla ya ile niliyorudi. Alhamisi ile asubuhi nilikuwa nimekalia kiti changu kimoja, nakula yai.

Nilikwenda kaburini Jumapili. Udongo bado umeinuka, msalaba wa mbao, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe na mtu mwenye mwandiko mzuri. Hapo sina la kuongeza.

Shigela ndiye aliyenieleza yaliyobaki, Jumatatu, tukiwa tumekaa nje kwangu. Alianza kwa kuniambia nimenenepa kidogo, dawa za kule ni nzuri. Nikamuuliza dawa gani. Akanipiga begani taratibu, kama mtu anayesema hatutaendelea kufichana.

Kumbe wote walijua. Walianza kujua waliponiona hospitali, nimekwenda kuchanjwa homa ya manjano kwa ajili ya safari. Walioniona kwenye foleni hawakuuliza nafuata nini, walihesabu tu kwamba nimekwenda. Halafu nilipiga picha za pasipoti, na kwenye picha mtu hukonda. Mbuzi wangu niliwapeleka kwa dada wakae huko mpaka nirudi. Minza nilimwonyesha hati ya kiwanja ilipo, maana nyumba ingebaki tupu. Nikampitia paroko kumuaga. Kila nilichokifanya kwa utaratibu, kama mtu mzima anayefunga nyumba, kilisomeka kama mtu anayejiandaa kufa.

"Na baridi ile," Shigela akasema. "Wazungu wenyewe wanaikimbia, wanakuja huku kutazama nyumbu. Wewe unaifuata. Mzee wa miaka sitini na sita, peke yake, msimu hakuna mtu. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungeandika nini?"

Ningeandika kwamba amekwenda kutibiwa.

Kitu hiki kimenikalia vibaya. Nilisema ukweli, kwa maneno mawili, kwa watu wanaonifahamu, na ukweli ndio uliowapoteza. Kwetu mtu husafiri mbali kwa sababu ya msiba, ugonjwa, harusi au biashara. Harusi sikuwa nayo, biashara sina, msiba haukuwepo. Walitoa, wakabakiwa na kimoja. Wakaheshimu siri yangu, siri ambayo haikuwepo. Hata wanangu waliosoma, mmoja yuko ofisi ya serikali, shangazi yao alipofariki walikubaliana nisiambiwe. Mwanangu mkubwa aliniambia kwenye simu, "Baba, tulijua usingetuambia."

Nimeishi vipi na watu hawa mpaka wanasadiki zaidi kile nisichokisema?

Sasa nafika jana.

Minza alikuja kutoka Kasoli asubuhi, peke yake. Hakutaka kiti, alikaa kwenye kizingiti. Amekonda kuliko mimi. Nilichemsha chai nikampa, akaishika bila kunywa.

Niliyajua tayari yanayosemwa juu yake. Wazee wa ukoo wale wale waliosubiri nile, wakiwa kwao wanamlaumu. Wanauliza msichana alipata wapi mamlaka ya kumzika mtu bila ndugu yake wa pekee. Mwanangu alitaka kunipigia simu siku ile ya Alhamisi; Minza ndiye aliyemzuia. Wengine walitaka mwili usubiri. Minza ndiye aliyesema mjomba asisumbuliwe akiwa kitandani. Kinachomkinga ni hicho tu, kwamba mjomba alikuwa kitandani.

"Mama ndiye aliyekataza," alisema. "Alisema ukijua utaacha dawa, utapanda ndege ya kwanza ufie njiani. Aliniapisha. Lakini mimi ndiye niliyesimamia, mjomba. Kama ni kosa ni langu."

Nilimwambia si kosa.

"Walikutibu nini?"

Hapo nilikuwa na ukweli mmoja mdogo. Mji ule una ziwa la chumvi lenye matope meusi, na wazee wa kule hupelekwa kupakwa matope hayo. Mvua iliponifungia ndani nami nilikwenda siku moja, kwa kukosa la kufanya, wakanipaka magotini. Nikamwambia: walinipaka matope ya dawa. Kila neno lilikuwa kweli. Kwa miaka mingi nilikuwa nawabana viongozi kwa hila hii hii, ya kupanga kweli ndogo ndogo mpaka zinajenga uongo mkubwa, na nilikuwa hodari kuitambua.

Akanitazama usoni. Macho ya mama yake.

"Kwa hiyo umepona?"

Hapo hapakuwa na kweli ndogo ya kujifichia. Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza: sikuwahi kuugua. Hilo ndilo sahihi. Nikilisema, mama yake alikufa na hofu ya kitu ambacho hakikuwepo, na Minza aliuzika mwili ule mbio na kuninyima mazishi ya dada yangu bure, na Jumapili ijayo kanisani kila mtu Kasoli atakuwa amesikia.

Chai yake ilikuwa imeacha kutoa mvuke.

"Nimepona, Minza."

Akaweka kikombe chini. Akalia. Wanasema msibani hakulia kabisa, alikuwa anahesabu sahani na kutafuta kuni. Jana alilia kwenye kizingiti changu mpaka majirani wakachungulia, nami nilikaa kwenye kigoda changu nikimtazama, kwa sababu sijui mtu hufanya nini.

Alipomaliza alijifuta kwa kanga, akanywa chai ile ya baridi yote, akasema lililomleta. Dada alipozidiwa aliacha neno. Alikuwa na mtamba mmoja mwekundu, hajazaa bado. Alisema Bwana Habari akirudi mzima, mtamba yule achinjwe, majirani waitwe wale, na paroko aje aseme sala ya shukrani. Hakusema tufanye nini nisiporudi mzima. Minza amepanga Jumamosi. Alikuwa anasubiri tu jibu langu.

Nilijaribu kusema kwamba mtamba aachwe azae, ni mali ya wajukuu. Minza akasema, "Mjomba, ni neno la mama." Likaisha hapo.

Hivyo Jumamosi ng'ombe wa dada atachinjwa kwa ajili ya ugonjwa ambao sikuugua, na wale wazee wataketi wale, na wakishakula nyama ile hawataweza tena kumsema Minza. Hilo nimelipima. Nalikubali.

Nimeandika haya hapa kwa sababu ni lazima yaandikwe mahali fulani jinsi yalivyokuwa, na Kasoli hakuna anayesoma hapa. Mkija kukutana na mtu wa Kasoli, mwambieni mimi ni mzima.

Mvua imeanza, matone makubwa, machache. Mwenye duka anasema umeme unaweza kukatika wakati wowote.

Jumamosi baada ya sala watanisimamisha niseme neno la shukrani. Maisha yangu yote sentensi ya kwanza ndiyo ilikuwa kazi yangu. Ya Jumamosi sina.